Picha Inaishia Hapo

Nilifika msibani nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha leo. Marehemu, Bwana Ladislaus, ambaye mimi sikuwahi kumwita jina lolote zaidi ya Meneja, alikuwa amelazwa sebuleni kwake Matogoro ndani ya jeneza la mninga, lile la kisasa lenye kidirisha cha kioo upande wa kichwani ili watu wapite wamuage bila jeneza kufunguliwa. Nje, chini ya turubai, mwongoza ratiba alikuwa anasoma wasifu kwa kipaza sauti. Alisoma kwamba marehemu ndiye aliyeiweka Songea kwenye mtandao. Alisoma kwamba ndiye aliyetengeneza tovuti ya kwanza ya historia ya mji wetu, na kwamba kwa mikono yake dunia iliziona nyuso za mashujaa wa Majimaji. Mimi nilikuwa na kina mama nyuma ya nyumba, nachambua mchele kwenye ungo, na nikashtuka kuona natupa mchele mzuri na kuacha mawe. Nyuso, alisema. Tovuti ile niliitengeneza mimi, lakini hilo halikunichoma sana. Kunyang'anywa sifa nimekuzoea. Kilichonichoma ni hilo neno nyuso, kwa sababu mwaka ule wote, tangu masika hadi masika, uligeuka kuwa ugomvi wa miguu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kila kitu kilikuwa kinauzwa. Mashirika yalikuwa yanauzwa, viwanda vilikuwa vinauzwa, na redio ilitueleza kila siku kwamba ndiyo maendeleo yenyewe. Ghala moja lililokuwa la ushirika, nyuma ya soko, lilipata mwenyewe mpya, likapigwa chokaa, likagawanywa kwa mbao laini, na chumba cha mbele kikawa kituo cha mtandao. Chokaa haikufaa kitu. Kuta zilikuwa zimekunywa tumbaku ya miaka mingi, na mvua ikinyesha harufu ilitoka upya, tukapiga chafya mchana kutwa juu ya kompyuta tulizozifunika kwa vitambaa vya kufuma vilivyoandikwa Karibu Mgeni. Meneja alikaa upande wa pili wa mbao. Tulisikia kila alichosema. Akizungumza kwenye simu na mfadhili wetu alikuwa na sauti ya kanisani, taratibu na ya unyenyekevu. Akishaweka simu chini, sauti ilirudi kuwa ya mnadani. Mimi nilikuwa nimesoma kompyuta kwenye darasa la misheni na kujifunza mengine kwa kufungua kurasa za watu na kuchungulia maandishi ya nyuma yaliyozijenga. Mchana mama lishe alituletea ugali, maharage na likolo, mboga yetu ya majani, siku nzuri na dagaa wa Nyasa, na tulikula mezani pale pale tukiangalia kama laini ya simu iliyotuletea mtandao imerudi. Nilikuwa na furaha. Nalisema hilo kwa sababu hasira ya leo inaweza kumfanya mtu adhani nilikuwa na kinyongo tangu mwanzo. Nilikipenda kile chumba kuliko nilivyopenda mahali popote kabla yake.

Mfadhili alitaka tovuti ya historia ya mji, watalii waijue Songea kabla ya kuja. Tukaandika habari za vita ya Majimaji, tukaandika habari za makumbusho na makaburi. Kisha Meneja akagundua kwamba jumba moja la makumbusho huko Ulaya lilikuwa na ukurasa wenye picha ya wafungwa wa vita ile, wanaume waliopangwa mstari, minyororo shingoni, wakingojea kunyongwa. Tukaomba picha. Jibu lilikuja kwa adabu kubwa kwamba picha ni mali yao na haturuhusiwi kuinakili, ila tukipenda tunaweza kuuonyesha ukurasa wao ndani ya ukurasa wetu. Yaani watu wetu, waliosimama kwenye vumbi letu, tungewaona kwa hisani, kwa kuchungulia nyumba ya mwenyewe. Meneja aliifurahia ile barua. Alisema ni heshima kubwa kwa kituo.

Kuuweka ukurasa wa mtu mwingine ndani ya wako ni sawa na kutoboa dirisha ukutani. Wewe unapima dirisha, lakini kilicho nyuma yake si chako. Hujui urefu wake, na siku mwenyewe akiuongeza hatakupigia simu kukuambia. Ukiwa mrefu kuliko dirisha, pembeni vinatokea vimikanda vya kijivu vya kushushia na kupandishia, ili anayetazama aweze kufika chini. Watu wengi hawavipendi. Mimi mwenyewe sivipendi, vinaonekana kama kiraka. Lakini dawa yake inajulikana: unapanua dirisha mpaka ukurasa utoshe, na kama unabaki uwazi mtupu chini, unauvumilia. Kuvizima vimikanda bila kupanua dirisha ni kumziba mtu mdomo kisha kusema amenyamaza. Siku hizi nafundisha vijana kazi hii, na wananicheka, kwa sababu mwanafunzi akiniletea ukurasa wenye kisanduku kilichokatwa chini nashindwa kusema kwa upole. Wanadhani ni ukali wa uzee.

Mfadhili alikuja mara moja kukagua, akaona vimikanda, akasema kazi inaonekana bado haijaisha. Hilo tu. Hakukasirika, alisema na kuendelea kunywa soda. Lakini Meneja hakulisahau. Kutoka siku ile kila mtu aliyepita mlangoni aliambiwa kwamba siku ya uzinduzi hatutaki kuona vimikanda.

Ndipo akaja Mama Beno. Alitoka kijiji kimoja cha barabara ya kwenda Hanga, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kiatu kimoja kilichoshonwa kwa waya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye benchi kama mtu wa hospitali na kusema amesikia kwa padri kwamba tunayo picha ya wale walionyongwa. Mama yake mzazi, Bibi Skolastika, alikuwa bado hai, mzee sana, na alikuwa na jambo moja alilotaka kulimaliza. Babu yake Bibi, yaani baba wa mama yake, alichukuliwa na askari wakati wa vita na hakurudi. Hakuna aliyejua kama alinyongwa hapa mjini na kulala katika kaburi la pamoja, au alifia njiani, au alipelekwa pwani. Jina lake halipo mahali popote. Aliyemwona mara ya mwisho ni binti yake, mama wa Bibi, aliyekuwa mtoto mdogo na amefichwa chini ya ghala la mahindi, lile la kuinuliwa kwa nguzo. Kutoka pale chini hakuona uso wa mtu yeyote. Aliona miguu ikipita na mnyororo ukigusa vumbi, na mguu mmoja wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Baba yake alikuwa amejikata na shoka. Hivyo ndivyo alivyomjua, na hivyo ndivyo alivyomsimulia Bibi, na Bibi akamsimulia Mama Beno: usimtafute usoni, hatumjui usoni, mtafute mguuni. Kama yumo kwenye picha, basi alinyongwa hapa, na Bibi angeweza kwenda kwenye kaburi lile, alitaje jina lake na kumwombea misa kabla yeye mwenyewe hajafa.

Meneja alikuja kutoka nyuma ya mbao akiwa anafuta midomo. Alikuwa amesikia yote, kama sisi tulivyosikia yake. Alimshika Mama Beno mikono miwili na kusema hilo ni jambo zito, na kwamba Bibi aje siku ya uzinduzi, atakaa mbele, usafiri atapewa. Mama Beno akauliza kama tungeweza kutazama sasa hivi. Laini ya simu ilikuwa imekufa wiki ile, na hata kabla ya hapo picha ilikuwa inashuka kidogo kidogo kutoka juu, vichwa kwanza, kisha mabega, na kila mara simu ilikatika kabla haijafika chini. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona miguu ile. Nilimwambia hivyo. Akasema sawa, watangoja, wameshangoja muda mrefu.

Laini ilirudi siku moja kabla ya uzinduzi. Nilipofika asubuhi nikakuta Meneja amekaa kwenye kiti changu, na vimikanda havipo. Alikuwa ameandika neno moja la kuvikataza kwenye maandishi ya nyuma, basi, na dirisha ameliacha na urefu ule ule ili kila kitu kiingie kwenye kioo cha kompyuta bila kubaki uwazi. Ukurasa ulikuwa unapendeza, siwezi kusema uongo. Wanaume wale walionekana tangu kichwani hadi chini kidogo ya magoti, na hapo dirisha likaisha. Nilimwambia miguu imebaki nje. Nilimwambia tupanue tu, ni kubadilisha namba, uwazi utakaobaki chini si kitu. Akasema uwazi ule ndio utakaomfanya mfadhili aseme tena kwamba kazi haijaisha. Nikamkumbusha Bibi, na mguu, na kidole. Nilidhani amesahau. Hakuwa amesahau hata kidogo.

"Frasia," aliniambia, "watu wanaangalia nyuso. Nani anaangalia miguu?"

Nimekaa na swali hilo zaidi ya miaka ishirini na bado linanipandisha damu. Laiti angekuwa hajui. Mtu asiyejua unaweza kumsamehe kabla hata hajaomba. Yeye alijua kwamba bibi mzee anakuja kutazama sehemu ile moja ya picha, na alikuwa anajua kuipanua kama nilivyojua mimi, akaamua kwamba unadhifu wa kioo ni bora. Na ili mtu yeyote asimharibie, kesho yake aliufungua ukurasa mapema, akasubiri ushuke wote, akaikata simu, akaichomoa mausi na kuitia mfukoni mwa koti, mkia wake ukining'inia nje muda wote wa sherehe.

Kulikuwa na mgeni rasmi, kulikuwa na soda na keki iliyokauka, kwaya iliimba, na Bibi Skolastika aliwekwa mstari wa mbele akiwa na kitenge kipya na rozari mkononi. Alikuwa mdogo wa umbo kiasi kwamba miguu yake haikugusa sakafu. Hotuba zilipokwisha Meneja akamwita asogee, wapiga picha wajiandae, mjukuu wa shujaa anakutana na babu yake. Bibi aliinuka, Mama Beno akamshika kiwiko, wakafika mezani. Niliwasogelea. Bibi hakutazama nyuso. Aliweka kidole chake juu ya kioo kwenye mapaja ya mtu wa kwanza, akakishusha polepole, gotini, chini ya goti, kikafika ukingoni mwa kisanduku na kuendelea kushuka juu ya rangi tupu ya ukurasa wetu, mpaka kikagonga fremu ya plastiki. Akajaribu kwa mtu wa pili. Akajaribu kwa wa tatu. Kisha akamgeukia Meneja na kumuuliza miguu iko wapi.

"Bibi, picha inaishia hapo," alisema Meneja.

Nilisema haiishii hapo. Nilisema kwa sauti, kila mtu alisikia, kwamba picha inaendelea, imefichwa tu, nipewe mausi. Meneja alicheka na kumwambia mgeni rasmi kwamba huyu ndiye fundi wetu, vijana hawa hawaishi kubadilisha badilisha, na mgeni rasmi naye akacheka. Taa za kamera zikawaka. Bibi hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anamwambia Mama Beno jambo, bila uchungu, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia.

"Kumbe na miguu waliichukua."

Asiye wa Songea hawezi kujua uzito wa neno hilo. Sisi tumekua tukisikia kwamba wapo waliozikwa bila vichwa, kwamba vichwa vilivushwa bahari na havijarudi. Kwa mzee wa hapa, mwili kukatwa na kupelekwa Ulaya si hadithi ya kutisha watoto, ni habari ya jirani. Kwa hiyo alipoona watu waliokatwa chini ya magoti ndani ya picha ya hao hao Wazungu, na meneja wa kituo, mbele ya serikali, anamwambia kwamba ndio mwisho, alielewa alichoelewa. Na Meneja alisikia. Alikuwa amesimama pale pale. Angeweza kusema neno moja tu. Alimpa mgeni rasmi mkasi akate utepe.

Siku ya pili yake niliwahi kazini kabla hajafika. Nikaingia, nikabadilisha ile namba, dirisha likashuka, nikaomba Mungu simu isikatike. Picha ikaja. Miguu ikaja. Ilikuwa mitupu, imejaa vumbi, na ya mtu wa tatu kutoka kushoto ilikuwa imesimama mbali mbali kidogo, na ule wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Nililia pale kwenye kiti, na Meneja ndivyo alivyonikuta. Sikujali. Nilimwonyesha, nikamwomba tuichape kwenye karatasi, nitaipeleka mwenyewe Hanga kwa basi. Alitazama picha, alitazama uwazi mtupu uliobaki chini yake. Akasema makubaliano hayaruhusu kunakili, na kwamba tovuti imeshazinduliwa, haiguswi. Alirudisha namba yake mbele ya macho yangu. Alasiri neno la siri lilikuwa limebadilishwa, na mwisho wa wiki nikaambiwa kituo hakina tena kazi yangu. Hata hapo alitumia ile sauti ya kanisani.

Nilikwenda kwa Bibi mikono mitupu. Alikuwa ameketi barazani anapukuchua mahindi. Nilimwambia nimemwona babu yake, mtu wa tatu, mguu wa kushoto, kidole hakipo, yumo, alinyongwa hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama Beno alikuwa ameacha kutwanga. Nilitegemea, sijui, furaha, machozi. Bibi aliniuliza kama nimekuja na hiyo picha. Nikasema hapana.

"Mwanangu, yule bwana aliniambia mbele ya serikali kwamba inaishia hapo. Wewe unaniambia inaendelea. Wote wawili mmeona, mimi sijaona. Nimwamini nani?"

Alinipa mahindi ya kuchoma, akanishukuru kwa safari, na akasema hawezi kwenda kumwombea mtu kwenye kaburi ambalo hana hakika kama yumo, wala kama yumo mzima. Miezi michache baadaye kikafunguliwa kituo kingine cha mtandao upande wa pili wa soko, na mimi nilikuwa mteja wao wa kwanza. Niliandika anwani ya ukurasa ule, nikangoja. Ukurasa haukuwepo. Jumba lile lilikuwa limepanga upya kurasa zake, bila kutuambia, na kwa nini lituambie. Kwenye tovuti yetu kisanduku kilikuwa kimebaki cheupe, kisafi, hakina hata kimkanda kimoja. Bibi Skolastika alizikwa masika yaliyofuata. Misa ya babu yake haikusomwa.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu nyuma ya nyumba ya Meneja, na ungo mapajani, wakati kipaza sauti kinasifu nyuso. Na Mama Beno alikuwa pale. Alikuja kuzika kwa sababu kila mtu huja kuzika, ni mama mzee sasa, yeye ndiye anayeshikwa kiwiko. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Nilimwamkia, nikamvuta pembeni kwenye mafiga, nikatoa simu. Miezi kadhaa nyuma, mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anatafuta picha za kazi ya darasa na akaikuta, kwenye tovuti nyingine kabisa, nzima. Nilikuwa naitunza nikipanga safari ya kwenda kwake, na safari ikawa inaahirishwa.

Nilimpa tu simu mkononi. Aliwatazama wale wanaume kwa muda, kisha akafanya kama alivyofanya mama yake: aliweka kidole kwenye mapaja na kukishusha. Safari hii picha ikamfuata. Ilipanda, magoti yakapita, na miguu ikaja. Alihesabu mpaka wa tatu. Aliutazama ule mguu mpaka moshi wa mafiga ukatutoa machozi, au tuseme ni moshi.

"Mama alikufa akisema wamemkata," alisema.

Nikamwambia najua.

Wakatangaza kwamba ni wakati wa kumuaga marehemu. Mimi nilikuwa nimeapa sitapita, lakini Mama Beno alinishika mkono, na mtu wa umri wake akikushika mkono unakwenda. Tukaingia kwenye mstari, tukafika sebuleni. Pale kwenye kidirisha Meneja alionekana tangu kichwani hadi kifundo cha tai, amenyolewa vizuri, na baada ya hapo ni mbao. Waliotutangulia walitazama, wakafuta macho, wakapita. Mama Beno aliinama. Aliweka kidole chake juu ya kioo, kwenye tai, akakishusha polepole mpaka kikatoka kwenye kioo na kuendelea kushuka juu ya mninga. Mjane alikuwa anatutazama. Watu wa nyuma walianza kusukumana. Mama Beno alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemjibu mwenzake swali:

"Haya, Meneja. Picha inaishia hapo."

Kisha akanigeukia na kuniomba nimpeleke kwa padri, kuna misa ya kuandikisha.